Mwajiri wako ni taasisi ya dini Marekani? Jinsi ya kujua kama sheria ya jimbo bado inakulinda

Waswahili wanaofanya kazi Marekani chini ya jina la mtakatifu si haba. Wapo manesi na CNA (wasaidizi wa wauguzi) katika hospitali za Kikatoliki na nyumba za wazee za Kilutheri, wapo wapishi na walimu wasaidizi wa shule za parokia, wapo wakalimani wa mashirika ya makanisa yanayopokea wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Siku mambo yakiharibika, labda mtu kapata mimba akaachishwa, au kaambiwa alete barua ya mchungaji ndipo aajiriwe, swali huwa moja: "Hivi kanisa linaruhusiwa kunifanyia hivi?" Wapo wanaojijibu kwamba kanisa ni kanisa, hakuna sheria inayoligusa. Wapo wanaoamini kwamba Marekani ubaguzi ni marufuku, basi. Wote wawili wanaweza kupoteza haki yao, mmoja kwa kukata tamaa mapema na mwingine kwa kuingia mahakamani kichwa kichwa.

Karibu kila jimbo lina taratibu zake kuhusu ubaguzi kazini, na sheria nyingi za majimbo zinazipa taasisi za dini msamaha. Misamaha hiyo haifanani, lakini popote ulipo, ipime kwa maswali matatu: nani kasamehewa, kasamehewa kubagua kwa sababu gani, na kwa kazi ipi. Mwajiri anaweza kushinda swali la kwanza akaangukia la pili au la tatu. Mashauri mengi huamuliwa hapo.

Hatua ya 1: Hesabu siku kwanza

Kabla hujasoma kifungu chochote, chukua kalenda. Hoja nzuri iliyochelewa haina kazi. Texas unazo siku 180 za kupeleka malalamiko. New Jersey ni siku 180 ukienda kwenye idara ya jimbo, au miaka 2 ukienda moja kwa moja mahakamani. Massachusetts na Colorado ni siku 300, Minnesota mwaka 1, Ohio miaka 2. Illinois ilikuwa siku 300, lakini tangu Januari 2025 ni miaka 2. California ni miaka 3, na New York pia miaka 3 kwa tukio lolote la kuanzia tarehe 15 Februari 2024. Tume ya shirikisho ya usawa wa ajira, EEOC, ina saa yake pembeni: siku 180, au 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi.

Sasa, hesabu inaanzia wapi? Wengi huhesabu kuanzia siku ya mwisho kazini. Sivyo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la mhadhiri mmoja Mliberia aliyekuwa akifundisha katika chuo cha jimbo la Delaware. Mwaka 1974 aliambiwa hatapewa ajira ya kudumu, akapewa mkataba wa mwaka mmoja wa kumalizia. Alipeleka malalamiko Aprili 1975, mkataba ukiwa bado haujaisha, akidhani yuko ndani ya muda. Mahakama ikasema saa ilianza siku alipopewa habari ya uamuzi. Akawa amechelewa. Kwa hiyo ukipewa barua leo inayosema kazi itakwisha Juni, siku zako zimeanza leo.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi, na hasa zile ulizosaini bila kusoma

Andika barua pepe fupi, ya adabu, kwa HR (idara ya wafanyakazi) ukiomba sababu ya kuachishwa au kukataliwa kwa maandishi. Usilumbane. Unataka sababu yao ikae kwenye karatasi kabla mwanasheria wao hajaipamba. Mwajiri aliyeandika "bajeti imepungua" atapata taabu baadaye kudai alikuwa akifuata mafundisho ya imani.

Kisha tafuta mkataba, tangazo la kazi, maelezo ya majukumu, kitabu cha kanuni za wafanyakazi, fomu ulizojaza siku ya kwanza, na ujumbe wa simu kati yako na msimamizi. Nakala ziwe zako halali. Usichukue mafaili ya wagonjwa au ya wanafunzi, utampa mwajiri sababu mpya ya kukufukuza.

Kwa nini nakazia karatasi? Tazama shule ya Mtakatifu Teresa huko Kenilworth, New Jersey. Mwanamke mmoja alikuwa mlezi wa watoto wadogo shuleni hapo. Mwaka 2014 alipofuatwa ili awe mwalimu wa sanaa, akasema ni mjamzito, na hakuwa ameolewa. Akafukuzwa. Shauri lilizunguka mahakamani miaka mingi mpaka Agosti 2023, Mahakama ya Juu ya New Jersey ilipoipa shule ushindi. Kilichombana ni sahihi yake mwenyewe: alikuwa amekubali kwa maandishi kanuni za maadili za Jimbo Kuu Katoliki la Newark, zinazomtaka mfanyakazi kuishi kwa kufuata mafundisho ya Kanisa. Sheria ya New Jersey inairuhusu taasisi ya dini kufuata mafundisho yake inapoweka vigezo vya ajira, na mahakama ikaona kigezo kilikuwepo, kikajulikana, kikasainiwa.

Karatasi hukata kuwili, lakini. Huko Milton, Massachusetts, shule ya wasichana ya Kikatoliki iitwayo Fontbonne Academy ilimpa mwanamume mmoja kazi ya kusimamia chakula. Alipojaza ile fomu ya "tumpigie nani ukipata dharura", aliandika jina la mume wake. Kazi ikafutwa kabla hajaanza. Mwaka 2015 jaji wa Massachusetts aliamua dhidi ya shule. Sheria ya jimbo hilo inaisamehe taasisi ya dini inayowahudumia waumini wake tu, na Fontbonne ilikuwa ikiandikisha wasichana wa dini zote. Ushahidi mkubwa ulikuwa utaratibu wa shule wenyewe wa kupokea wanafunzi.

Kitu kingine cha kutafuta: kanuni hiyo inawabana wote? Shule ikisema inafukuza kila aliyefanya tendo la ndoa nje ya ndoa, lakini inawagundua kwa tumbo tu, basi imewabana wanawake peke yao. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya shirikisho, katika shauri dhidi ya dayosisi ya Kikatoliki ya Toledo, Ohio, ilisema hilo ni suala la kwenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama, haliwezi kufutwa juu juu. Kama unamjua mwalimu wa kiume aliyezaa nje ya ndoa akabaki kazini, andika cheo chake na mwaka. Hiyo ni dhahabu.

Hatua ya 3: Soma jinsi sheria ya jimbo inavyomtaja mwajiri

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu msamaha mara nyingi haumo kwenye kifungu kinachosema "ubaguzi ni marufuku". Umejificha mwanzoni, kwenye tafsiri ya maneno, pale panaposemwa mwajiri ni nani. Tafuta hapo idadi ya wafanyakazi na tafuta neno la dini. Utakuta mojawapo ya mitindo hii.

Mtindo mkali kuliko yote ni wa kuliondoa shirika la dini kabisa, kana kwamba si mwajiri. Sheria ya California, inayoanzia kwa mwenye wafanyakazi 5, haimhesabu mwajiri wa kidini asiyefanya biashara ya faida. Ukikomea hapo utafunga jalada. Usikomee. Kifungu kingine kinairudisha taasisi hiyohiyo ndani ya sheria inapoendesha kituo cha afya kinachopokea watu wa dini zote, kwa wafanyakazi wasiofanya kazi za kidini. Nesi au mfanya usafi wa hospitali ya Kikatoliki ya Los Angeles analindwa, na sekretari wa parokia iliyo mtaa wa pili hayuko ndani ya sheria hiyo.

Washington nayo iliandika msamaha mpana wa namna hiyo kwa mashirika ya dini yasiyo ya faida. Kisha akaja mwanasheria mmoja aliyetaka kazi kwenye kliniki ya msaada wa sheria ya misheni inayohudumia wasio na makazi Seattle, akanyimwa kwa sababu ya mwelekeo wake wa kijinsia. Machi 2021 Mahakama ya Juu ya Washington ilisema msamaha huo, ukitumika kwa mtu ambaye kazi yake si ya uhudumu wa dini, unaweza kupingana na katiba ya jimbo. Maandishi ya sheria yalibaki yaleyale, maana yake ikabanwa. Ndiyo maana kusoma kifungu peke yake hakutoshi. Jina la kifungu likishapatikana, litafute pamoja na neno "mahakama ya juu" ya jimbo lako uone kimetafsiriwaje.

Colorado inapendeza kwa uwazi wake. Mashirika ya dini yamesamehewa, isipokuwa yale yanayosaidiwa, hata kwa sehemu tu, na fedha za kodi. Anayefanya kazi Denver kwenye shirika la kanisa linaloishi kwa ruzuku za serikali aanze hapo hapo, achimbe ripoti za mwaka za shirika zionyeshe fedha zinatoka wapi.

Illinois imechagua njia ya kati: taasisi ya dini inaweza kupendelea watu wa dini yake, na msamaha unaishia hapo. Nyumba ya wazee ya Kikatoliki inaweza kusema tunataka Mkatoliki. Haiwezi kusema hatutaki Mwafrika, wala hatutaki mwenye kisukari. Minnesota nayo inasema msamaha haufuniki biashara za kawaida za taasisi zisizohusiana na madhumuni yake ya dini na elimu.

Maryland ilipata jibu lake katika mwezi uleule wa Agosti 2023, na likaenda upande tofauti na la New Jersey. Mwanamume mmoja, mchambuzi wa takwimu wa Catholic Relief Services, shirika lenye makao Baltimore ambalo wengi wetu tunalijua kwa miradi yake Afrika Mashariki, aliondolewa bima ya afya ya mume wake. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema msamaha unawagusa wafanyakazi ambao kazi yao inasukuma moja kwa moja lengo kuu la taasisi. Wengine wamelindwa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha haki zaidi, na pia ndicho kigumu zaidi kutumia, kwa kuwa shirika linaweza kuwa na malengo makuu matatu na mwanasheria atakayeyaongeza yawe saba.

Hatua ya 4: Pima kazi yako yenyewe

Juu ya sheria za majimbo yote kuna kinga inayotoka kwenye Katiba ya Marekani: serikali haiwezi kulichagulia kanisa, msikiti au sinagogi wahudumu wake. Ukihesabiwa kuwa mhudumu wa dini, sheria za ubaguzi kazini za jimbo na za shirikisho hazikufikii. Si dini tu. Hata rangi, umri na ulemavu. Mwajiri hata halazimiki kusema sababu yake ilikuwa ya kiimani.

Kosa ni kufikiri kwamba mhudumu ni padri au imamu tu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote wakiwa sauti moja, iliamua kwamba mwalimu wa shule ya Kilutheri ya Hosanna-Tabor, Redford, Michigan, alikuwa mhudumu. Alifundisha hesabu na kusoma kama mwalimu yeyote, na mambo ya dini yalimchukua dakika 45 kwa siku. Alikuwa ameugua, na aliporudi akafukuzwa. Dakika 45 na cheo chake cha mwalimu "aliyeitwa" (na usharika, kwa utumishi wa dini) vilitosha, pamoja na mafunzo ya dini aliyopitia. Mwaka 2020, kwa kura 7 dhidi ya 2, mahakama hiyohiyo iliwaongeza walimu wawili wa shule za Kikatoliki za California wasiokuwa na cheo chochote cha kidini, kwa sababu walikuwa wakifundisha imani na kusali na wanafunzi. Kuanzia hapo linalopimwa ni unachofanya, cheo ni nyongeza.

Waajiri waliusoma uamuzi wa 2012 vizuri sana. Chuo cha Gordon, cha Kikristo, huko Massachusetts, kilibadilisha kitabu chake cha kanuni kikawaita wahadhiri wote wahudumu, wakilalamika. Mhadhiri wa masuala ya ustawi wa jamii alipokwenda mahakamani, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema mwaka 2021 kwamba kubandika jina hakumfanyi mtu mhudumu: hakuongoza ibada, hakufundisha dini. Lakini usishangilie mapema. Agosti 2025 mahakama ya rufani ya shirikisho ya upande wa magharibi ilisema kazi ya kupokea simu za wafadhili wa World Vision ni ya uhudumu, kwa vile wanaoifanya hulieleza shirika kwa wafadhili na kusali nao kwenye simu.

Basi fanya zoezi hili. Chukua wiki moja ya kawaida ya kazi yako na uiandike kwa dakika. Nani aliongoza sala, wewe au mwingine? Ulipangiwa kufundisha imani, au ulikuwa tu chumbani wengine wakifundisha? Ulipimwa kwa hilo kwenye tathmini ya mwaka? CNA anayeinamisha kichwa sala ya chakula inaposomwa si mhudumu. CNA aliyesali na bibi anayekata roho kwa sababu bibi kamwomba, naye yuko salama, maana hakuagizwa na mwajiri. Mratibu wa vijana anayeandaa ibada kila Ijumaa yuko hatarini, hata kama kwenye mkataba anaitwa mratibu.

Neno kwa watawa, mapadri, wachungaji na masheikh waliokuja kwa viza ya R-1: ile viza ni ya wafanyakazi wa dini. Mwajiri alipokuombea alieleza serikalini kwamba kazi yako ni ya dini, na karatasi hiyo itatolewa mbele yako ukishtaki. Kwako wewe, madai ya mshahara usiolipwa au ya mkataba uliovunjwa yanaweza kuwa na nafasi kuliko ya ubaguzi. Mwulize wakili hayo kwanza, na mwulize papo hapo hali ya viza itakuwaje.

Hatua ya 5: Mlango wa jimbo ukifungwa, jaribu wa shirikisho, na kinyume chake

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inawagusa waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Nayo ina msamaha wa kidini, ila kwa maandishi yake unahusu kuajiri watu wa dini fulani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliuthibitisha katika shauri la fundi wa jumba la mazoezi la Wamormoni, Salt Lake City, aliyefukuzwa kwa kukosa cheti cha uanachama mwema wa kanisa. Kazi yake haikuwa na dini ndani yake hata kidogo, na bado alishindwa, kwa sababu ubaguzi wenyewe ulikuwa wa dini. Angefukuzwa kwa sababu ya rangi, msamaha huo usingelisaidia kanisa.

Kwa hiyo sekretari wa parokia wa California niliyemtaja hapo juu, aliyetupwa nje na sheria ya jimbo, bado anaweza kwenda EEOC kulalamikia rangi, jinsia au nchi ya asili, mradi mwajiri wake wa kisheria ana watu 15. Angalia vizuri mwajiri ni nani: parokia yenye watu 6 inaweza kuwa tawi la jimbo kuu la Kikatoliki lenye maelfu. Kinyume chake pia hutokea. Shirika la watu 7 haliguswi na sheria hii ya 1964, lakini Minnesota, Illinois au New York linabanwa hata likiwa na mfanyakazi mmoja. Na majimbo kadhaa hulinda hali ya ndoa, jambo ambalo sheria ya 1964 haikulitaja.

Ipo na sheria ya zamani zaidi, ya 1866, inayokataza ubaguzi wa rangi kwenye mikataba. Haina idadi ya chini ya wafanyakazi, haikulazimishi kupitia tume, na kwa kawaida inakupa miaka 4. Mwafrika aliyebaguliwa kwa rangi na taasisi ndogo ya dini asiiache. Wahudumu wa dini tu ndio ambao hata hii inaweza isiwafae.

Hatua ya 6: Peleka malalamiko

Kupeleka malalamiko kwenye chombo cha jimbo au EEOC hakuna ada, na wakili si lazima. Massachusetts kuna tume ya kupinga ubaguzi, California idara ya haki za kiraia, New York na Minnesota idara za haki za binadamu, Texas kazi hii iko chini ya tume ya nguvukazi. Mara nyingi malalamiko ya mahali pamoja yanaweza kuhesabiwa kote kuwili, jimbo na shirikisho. Uliza, upate jibu kwa maandishi.

Sema tangu simu ya kwanza kwamba unahitaji mkalimani, na taja Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu akipewa mkalimani wa Unguja wataelewana sokoni, lakini kwenye maelezo ya kisheria yatavuka maneno yasiyo yako na utasainishwa. Usikubali mtoto wako akutafsirie.

Kwenye fomu, weka alama kwenye kila sababu ya kweli. Huu ndio ushauri ninaourudia kuliko wote. Mwanamke Mwislamu mweusi aliyenyimwa kazi shule ya Kikristo huandika "dini" peke yake kwa sababu ndicho alichoambiwa. Dini ndiyo sababu inayofunikwa na msamaha karibu kila jimbo. Kama kuna dalili kwamba rangi, nchi ya asili au mimba vilihusika, na havikuandikwa, baadaye itakuwa kazi kuviingiza. Sababu isiyo ya kweli, kwa upande mwingine, usiiweke. Itakuchafulia zile za kweli.

Usianze wewe kubishania msamaha. Eleza nini kilitokea, lini, nani alisema nini. Utetezi wa uhudumu, kwa maneno ya Mahakama ya Juu yenyewe mwaka 2012, ni wa mwajiri kuuinua, na yeye ndiye wa kuuthibitisha. Fomu ikikuuliza majukumu yako, jibu kama ulivyoandika kwenye lile zoezi la dakika, bila kujipandisha. Wengi wetu tukiandika kuhusu kazi ya kanisani hupenda kusema "nilikuwa nikimtumikia Mungu." Ni kweli moyoni mwako. Kwenye fomu, andika ulikuwa ukiosha vyombo.

Mwajiri hapaswi kukuadhibu kwa kulalamika. Shifti zikikatwa wiki moja baada ya barua ya tume kufika, hilo ni dai la pili, lenye siku zake mpya.

Ukipewa hundi ya kuagana pamoja na karatasi ya kuachilia madai, usisaini mezani. Kama una miaka 40 na kuendelea, sheria ya shirikisho inataka upewe angalau siku 21 za kufikiri ili uachilie dai la umri, na siku 7 za kubatilisha baada ya kusaini. Chini ya umri huo omba muda vilevile.

Kama wewe ndiye unayeajiri

Makanisa na misikiti ya Waswahili Marekani nayo yanakua, yanaajiri, yanakodisha kumbi. Msamaha ni wenu pia, ila utumieni mapema. Kama mlinzi wa jengo lazima awe muumini, liandikeni kwenye tangazo la kazi, si siku ya kumfukuza. Kanuni ya maadili isomwe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, isainiwe, kisha imbane mzee wa kanisa kama inavyombana mpishi.

Nyumba mnazomiliki mnaweza kuwapendelea waumini wenu, kwa masharti mawili ya sheria ya shirikisho: nyumba zisiwe za kibiashara, na uanachama wa dini yenyewe usizuiwe kwa rangi au nchi ya asili. Usharika unaowapokea watu wa taifa moja tu umeshajitoa kwenye msamaha huo. Na sheria ya jimbo ya makazi inaweza kuwa kali zaidi, isomeni nayo.

Ukumbi ndio unaowaponza wengi. Ocean Grove, New Jersey, jumuiya ya Wamethodisti ilikuwa na banda ufukweni lililokodishwa kwa harusi za umma. Ardhi hiyo ilikuwa na nafuu ya kodi iliyotolewa kwa ahadi kwamba itakuwa wazi kwa watu wote kwa usawa. Mwaka 2007 wanawake wawili wapenzi waliomba kufungia hapo sherehe yao, wakakataliwa, na mwaka 2012 jaji wa jimbo akasema jumuiya ilivunja sheria ya ubaguzi. Mahali pa ibada panapotumiwa na waumini tu ni kitu kingine. Mkianza kuweka bei ya ukumbi kwenye Facebook na kupokea kila mwenye fedha, mmefungua biashara kwa umma. Amueni kabla ya mteja wa kwanza: ukumbi ni wa waumini na shughuli zao, na hivyo ndivyo iandikwe kwenye katiba ya usharika na kwenye fomu ya maombi, au ni wa kila mtu, na nafuu yoyote ya kodi mliyopewa kwa masharti hayo isomwe na wakili kabla hamjamkataa yeyote.